Ukuta wa Mzee Maulidi

Siku ya gulio, Posta ya Tukuyu hujaa watu waliokuja kukwepa mvua wakijifanya wamekuja kununua stempu. Ndivyo ilivyokuwa siku ile ya mwaka 1973. Ukumbi ulinuka makoti yaliyolowa na ndizi mbivu, kila mtu akimkanyaga mwenzake. Nyuma ya kaunta, mbele ya swichibodi ya simu, alikaa Bushiri Maulidi, kijana wa miaka ishirini na saba aliyejiona. Alivaa suruali ya bugaluu iliyokuwa pana chini kiasi cha kufagia sakafu, katika mji ambao matope hayakauki mwaka mzima. Mtu mwenye akili zake Tukuyu huvaa buti. Bushiri alivaa bugaluu, na kila jioni aliifua.

Mwanamke mmoja akapenya katikati ya watu bila kuomba njia. Alivaa koti la mvua la kiume, buti za mpira hadi magotini, na kilemba cha kitenge cha kijani kilichofungwa kwa haraka lakini kikakaa vizuri kuliko vilemba vyote mle ndani. Akaweka viwiko vyote viwili juu ya kaunta.

"Nani hapa ndiye opereta?"

"Ni mimi, dada. Nikusaidie nini?"

"Dada yako yuko kwenu. Mimi ni Ikupa, wa kiwanda cha chai. Tangu Jumatatu nimeomba Mbeya mara sita, na mara sita umenikata."

"Si mimi, ni laini. Mvua ikinyesha, laini inaingia maji."

"Na hapa mvua ilikoma lini? Sema tu simu ya Tukuyu haijafanya kazi tangu Mungu aumbe mawingu."

Posta nzima ikacheka. Wanaokwepa mvua hucheka kwa urahisi, maana hawana kazi nyingine. Bushiri naye alicheka, ila kwa kuchelewa, kwa sababu alikuwa bado anayatazama yale macho.

"Sauti yako ni kali kwenye simu," akasema. "Nilidhani ni ya mama wa miaka hamsini."

"Na mimi yako nilidhani ni ya mtu mwenye akili."

Alipewa Mbeya palepale, na laini haikukatika hata mara moja. Tangu siku hiyo simu za kiwanda kile zikawa zinapita mbele ya simu za hospitali, za polisi na za wafanyabiashara wote wa wilaya. Watumishi wa umma walikuwa wakihimizwa kila siku kuwatumikia wananchi wote sawa. Bushiri alimtumikia mmoja.

"Kiwanda, hapa Posta. Habari za asubuhi, laazizi?"

"Laazizi ni neno la huko pwani mlikotoka. Hapa niite kitu kinacholika."

"Habari, parachichi langu."

"Afadhali. Sema haraka, meneja anakuja."

Ikupa, mzaliwa wa Kisondela, alikuwa msimamizi wa chumba cha kunyaushia chai. Huko majani mabichi hutandazwa juu ya vichanja virefu, yakapulizwa upepo hadi yalegee, kabla hayajaonja moto. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na aliamuru wanaume kumi na wawili, wote wakimwogopa. Siku za Jumapili yeye na Bushiri walikutana barabara ya Suma, wakatembea na mwavuli mmoja, na hapo ndipo alipomfundisha mambo ya chai ambayo kijana wa watu hakuyahitaji.

"Jani likiwahishwa moto linakauka juu tu," alimwambia. "Ukiligusa unasema limekauka, kumbe ndani bichi. Wiki moja baadaye linaota ukungu ndani ya sanduku."

"Unaniambia mimi au jani?"

"Nakuambia wewe, unayetaka kila kitu leo."

Yeye naye aliuliza, na aliuliza sana. Kwa nini mjane wa Kiislamu hukaa eda, kwa nini baba yake Bushiri hutanguliza mguu wa kulia akiingia msikitini, kanzu ya Ijumaa hupigwa pasi vipi. Bushiri alijibu yote kwa raha, kama watu wanavyojibu wanapoulizwa habari zao wenyewe. Kumuuliza yeye chochote hakukumjia akilini.

Alhamisi moja simu ya kiwanda ikaita mapema.

"Bushiri, wamenichagua kwenda Mufindi. Kiwanda kipya. Lori linatuchukua Jumamosi ya wiki ijayo."

Bushiri akapumua kwanza. "Usiende."

"Nibaki hapa nifanye nini? Nikusikilize ukikata simu za watu?"

"Nikuoe."

Laini ilikuwa nzuri siku hiyo, na hakuweza kusingizia mvua. Alisikia upande wa pili mashine zinanguruma, na mtu anakohoa mbali.

"Nitakujibu," akasema Ikupa.

"Lini?"

"Kabla ya lori."

Ijumaa Bushiri akaenda Kyela harusini pamoja na baba yake, Mzee Maulidi, fundi cherehani. Mzee Maulidi alikuwa mgane mnene mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri na dharau ya kumtosha kila mtu mjini, ikabaki ya kupeleka Kyela. Aliwadharau wakulima kwa miguu yao, walimu kwa mashati yao, na majirani zake wote kwa nyumba zao, maana nyumba yake ndiyo ilikuwa ya kwanza mtaani kuwa na bomba ndani. Miaka miwili nyuma jirani mmoja aliligusa bomba hilo akitaka kunawa mikono, akatukanwa hadi babu yake.

Basi Ijumaa ile ile jioni, bomba lilipopasuka ndani ya ukuta wa nyuma, majirani waliyaona maji yakitoka chini ya mlango na hakuna hata mmoja aliyesogea. Walipita, wakatazama, wakaenda kulala. Maji yakatiririka usiku na mchana hadi Jumapili jioni, baba na mwana waliporudi wakiwa wamebeba mchele na kufungua mlango wa ziwa.

Sakafu ya saruji ilikuwa imeinamia ndani badala ya nje, kwa sababu fundi aliyeijenga alikuwa binamu. Maji yalifika vifundoni sebuleni. Mikeka ilielea, kabati la marehemu mama lilikuwa limevimba miguu, na ukuta wa nyuma ulikuwa na doa jeusi lililopanda hadi kifuani mwa mtu. Bushiri akafunga koki ya barabarani. Mzee Maulidi akasimama mlangoni amepandisha kanzu yake, akiyatukana maji.

Jumatatu asubuhi Balozi Fred wa nyumba kumi akafika kutoa uongozi. Alivaa suti ya Kaunda rangi ya maziwa, na kalamu tatu mfukoni, moja ikiandika.

"Ndugu zangu," akasema, "maji haya ni lazima tuyakabili kwa mpango."

Akaunda kamati ndogo ya watu watano. Kamati ilikaa juu ya viti vya mzee, miguu ikiwa imepandishwa isilowe, ikanywa birika mbili za kahawa. Kufikia adhuhuri ilikuwa imekubaliana mambo mawili: kwamba maji yametoka kwenye bomba, na kwamba itakutana tena Jumatano. Maji nayo yalikaa palepale, yakiisikiliza.

"Kiwanda, hapa Posta. Ikupa, nyumba yetu ina maji tangu Ijumaa."

"Tangu Ijumaa! Mmefanya nini hadi sasa?"

"Kikao."

Alimsikia akivuta pumzi. "Kesho ni siku yangu ya mapumziko. Baba yako atakuwepo?"

"Anakwenda Mbeya kutafuta kipande cha bomba. Atarudi usiku."

"Basi nitakuja. Tafuta jembe, madebe manne, magunia makavu, na mtu wa kazi mwenye mikono. Balozi wenu asinikaribie."

Jumanne alifika na zile buti zake. Hakusalimia nyumba wala hakuisikitikia. Alizunguka akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, na alipofika ule wa nyuma akasimama.

"Huu ni wa udongo. Tofali mbichi."

"Sema taratibu!" Bushiri akatazama dirishani. "Baba huwaambia watu nyumba yote ni ya tofali za kuchoma. Ndiyo maana ulipigwa lipu ya saruji na chokaa."

"Na lipu hiyo ndiyo itakayouangusha. Udongo umekunywa maji siku tatu na hauna pa kuyatolea."

Akachukua fomu ya kiwanda, akaigeuza, akaandika mpango wake nyuma, akiusema kwa sauti kila neno ili hata Bushiri aelewe. Kwanza watoboe tundu chini ya ukuta wa pembeni na kuchimba mfereji, maji yatoke yenyewe, maana binamu alikwisha kosea na sakafu haibishiwi. Kinachobaki wakizoe kwa madebe na wakinyonye kwa magunia. Vyombo vyote vitoke, na kabati lipandishwe juu ya matofali. Halafu lipu ya ukuta wa nyuma ing'olewe yote hadi kimo cha kifua, udongo uonekane. Madirisha ya mbele na ya nyuma yafunguliwe kwa pamoja ukungu ukiinuka saa nne, yafungwe saa kumi kabla haujarudi. Na moto usiingie humo ndani kwa siku kumi.

"Siku kumi bila jiko? Hiyo nyumba itakauka lini?"

"Wiki tatu. Unyaushe kwanza, ndipo ukaushe. Nimekuambia mara ngapi?" Akatoa mfukoni kibati kidogo cha majani ya chai makavu, akakiweka wazi juu ya dirisha. "Hiki ndicho kitakachokuambia. Chai hunywa unyevu wa chumba. Ukiisugua asubuhi ikapinda, bado. Ikivunjika, kumekauka."

Mtu wa kazi alikuwa Amoni, mzee wa Kinyala mwenye mikono mirefu, aliyeitwa sokoni kwa kupigiwa mluzi. Aliuchimba mfereji kwa saa moja tu. Maji yakaanza kutoka kwa kishindo, yakachukua kandambili moja ya Balozi Fred iliyosahaulika kikaoni, na Ikupa akapiga kigelegele. Baada ya hapo walizoa wote watatu. Bugaluu ya Bushiri ilikunywa maji hadi mapajani ikawa inamvuta chini kila hatua.

"Vua hiyo suruali, unazoa kwa miguu!"

"Nivue mbele yako kabla hujanijibu?"

"Jifunge gunia basi, mjinga wewe."

Akajifunga gunia. Ikupa alimtazama, akacheka hadi akaegemea kabati. Bushiri akamrushia maji kwa kiganja, naye akamrushia debe zima. Saa nane sakafu ilikuwa inaonekana, na wakaanza kung'oa lipu kwa patasi, yeye juu, Ikupa chini, mabega yao yakigusana zaidi ya kazi ilivyohitaji.

"Ukienda Mufindi nani atanirushia maji?" akauliza Bushiri.

"Nani kasema naenda?"

Bushiri hakupata nafasi ya kumuuliza zaidi. Mbeya hakukuwa na bomba, kama ambavyo mwaka ule hakukuwa na vitu vingi, na Mzee Maulidi alikuwa amerudi na gari la saa nane. Alisukuma mlango wa mbele, akajaza nafasi yote kwa kanzu na ndevu zake.

Ikupa akageuka. Akaona ndevu, akaona paji la uso lililokuwa la Bushiri lenye mikunjo tu. Patasi ikamwanguka. Alivuta kitenge kutoka kiunoni akajifunika kichwa kizima, akapiga hatua mbili, akaruka dirisha la nyuma. Walisikia matope yakilia, kisha mbio katikati ya migomba, kisha kimya. Chini ya dirisha buti moja lilikuwa limebaki limesimama kwenye matope.

"Nani yule?" akauliza Mzee Maulidi.

"Ni... ni Ikupa, Baba. Yule niliyekuambia."

"Yule unayetaka kumuoa?" Uso wa mzee ukawa mwekundu. "Nimeingia nyumbani kwangu, hakuniamkia, amejiziba pua na nguo, amenikimbia kama mwenye ukoma! Binti wa wakulima! Na ukuta wangu! Nani kauvua nguo ukuta wangu, watu wote barabarani waone udongo?"

Bushiri alitazama dirisha na fedheha ikampanda hadi masikioni. Amoni alitazama pia, akatabasamu peke yake, akaendelea kukusanya magunia. Hakuna aliyemtazama Amoni.

Jumatano asubuhi Posta ndiyo iliyopiga.

"Ikupa, jana ulifanya nini?"

"Nilifanya nini?" Sauti yake ilikuwa na furaha. "Baba yako alisema nini?"

"Alisema ulichotaka aseme! Umemdharau baba yangu ndani ya nyumba yake. Mzee wa watu hajakukosea lolote, unajiziba uso mbele yake na kuruka dirisha. Kama hututaki ungesema kwa mdomo."

Furaha ikatoka katika sauti ya Ikupa.

"Hivyo ndivyo ulivyoona?"

"Ndivyo."

"Na wewe umezaliwa hapa Tukuyu."

"Hilo linahusiana na nini?"

"Hakuna. Kata simu, Bushiri. Ndiyo kazi unayoijua."

Angeweza kumweleza kwa maneno matano. Hakumweleza. Mtu aliyeruka dirisha kwa ajili yako hapendi tena kukufundisha kwa nini ameruka. Alirudi kwenye vichanja vyake, akawafokea wale wanaume kumi na wawili kwa makosa waliyoyafanya na ambayo hawajayafanya, na jioni akaanza kufunga sanduku la Mufindi.

Mzee Maulidi alichana ule mpango vipande vinne. Kamati ikakutana kama ilivyoahidi, na Balozi Fred akaja na wake: madirisha yafungwe, palipong'olewa lipu papakwe chokaa upesi barabarani wasione udongo, na majiko matano ya mkaa yawashwe ndani usiku na mchana. Amoni akaitwa kubeba majiko. Jumatano chumba kilitoa jasho, Alhamisi ukuta ukawa mweupe, mkavu, wa kupendeza. Mzee aliwaita majirani wauguse. Balozi Fred aliugusa mara tatu akasema huo ndio uongozi. Ni Bushiri peke yake aliyetazama kibati kilichosahaulika dirishani. Alisugua majani, yakapinda kama uzi, na hakumwambia mtu kwa sababu ya hasira.

Ijumaa, mzee akiwa anajifunga kilemba cha kwenda msikitini, ukuta ukajibu. Lipu ya juu ilivimba, ikapasuka kwa mlio, ikashuka yote kwa mpigo mmoja juu ya majiko mawili. Udongo uliokuwa nyuma yake ulikuwa mweusi na laini, na ufa wa kuingiza vidole ulipanda kutoka sakafuni hadi kwenye mtambaapanya. Balozi Fred alikuwepo. Akasema suala hili sasa ni la ngazi ya juu, akatoka.

Wakabaki watatu, vumbi likitua. Amoni akaanza kuzoa vifusi. Halafu akasimama, akaegemea koleo.

"Nsee, mimi naulisa tu. Mbona halusi hamkutualika?"

"Harusi gani, wewe?"

"Ya huyu Bushili na yule binti wa Kisondela. Mmekwisa peleka ng'ombe, sivyo?"

"Ng'ombe gani! Si ulimwona alivyonikimbia?"

"Ndiyo nilimwona, Nsee." Amoni alikuwa anashangaa kweli. "Kwetu binti hakimbii kila mtu. Anamkimbia baba wa nchumba wake. Kumtasama hamtasami, njia moja hawapiti, kanga yake anajifunika. Ukutila, ndivyo tunavyosema. Nkwe asiyekimbia, huyo ndiye hana adabu."

Bushiri aliliachia koleo lake. "Amoni! Mbona hukusema tangu Jumanne?"

"Sikuuliswa. Mlisema, wewe Amoni, beba jiko."

Mzee Maulidi alikaa juu ya kifusi bila kuitazama kanzu yake ya Ijumaa. Katika miaka yake sitini na mitatu watu walikuwa wamemwamkia, wamemwogopa, wamemsengenya. Hakuna aliyewahi kumfanyia heshima asiyoiomba.

"Aliruka dirisha," akasema.

"Ndiyo, Nsee."

"Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako."

"Wewe mkwe wako alikukimbia namna hiyo?"

"Alijificha nyuma ya migomba tu."

"Dirisha hakuruka?"

"Hakuluka."

Mzee akazinyoosha ndevu zake. "Bushiri," akasema, "bado umekaa hapa unafanya nini?"

Bushiri alikuwa amekwisha fika barabarani. Alifika Posta na vumbi la chokaa kichwani, akamsukuma mwenzake wa zamu, akachomeka waya.

"Kiwanda, hapa Posta."

"Kiwanda kina shughuli."

"Ikupa, mimi ni mjinga."

"Hiyo si habari mpya. Ukipiga simu kutoa habari, toa mpya."

"Amoni ameniambia."

Mashine zilinguruma upande wa pili.

"Amoni yule wa kuchimba mfereji," akasema Ikupa polepole. "Yeye ndiye aliyekuambia. Umezaliwa hapa, umekula ndizi zetu miaka ishirini na saba, mmekicheka Kiswahili chetu wewe na baba yako, na hata siku moja hukuuliza mtu wa hapa anaishije na wakwe zake. Mimi niliuliza, Bushiri. Mguu gani unatangulia msikitini, niliuliza. Wewe uliniuliza nini?"

"Sikuuliza."

"Basi nani alimdharau mwenzake?"

Watu wa stempu walikuwa wamenyamaza wote, wakisikiliza bila aibu. Bushiri hakujali.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi, Ikupa. Nisamehe. Lori ni kesho. Nilikuuliza swali, ukasema utanijibu kabla ya lori."

"Nilikujibu Jumanne. Nilikujibu mbele ya baba yako na mbele ya Amoni, nikaacha na buti langu kwenye matope. Ulitaka jibu kubwa kiasi gani?"

Bushiri akafunika uso kwa kiganja. Alikuwa analia, opereta mzima wa serikali, na mama mmoja kwenye foleni akampa kitambaa cha kufungia ndizi.

"Buti ninalo," akasema.

"Lifue. Na ule ukuta?"

Hapo ndipo kikohozi kikubwa kikasikika mlangoni. Mzee Maulidi alikuwa amemfuata, akitweta. Alifika kaunta, akaitazama simu kwa mashaka, kisha akaigeuzia mgongo kwa adabu kubwa.

"Mwambie nimegeuka," akasema. "Muulize tufanyeje."

"Baba amegeuka. Anauliza tufanyeje."

Ikupa alicheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. "Mwambie ukweli baba yako. Lipu yote ing'oke, juu hadi chini. Majiko yatoke. Ukuta ukae uchi wiki tatu, mji mzima uone kuwa ni wa udongo. Hapo tu ndipo utapona."

Bushiri akayarudisha maneno yale moja moja. Mzee Maulidi alisikiliza akiwa ameutazama ukuta wa Posta. Ilikuwa dawa chungu kuliko alivyotegemea, na kila mtu katika foleni alikuwa amesikia neno udongo.

"Mwambie," akasema mwishowe, "utakaa uchi."

Sheikh alikataa kuwafungisha na mchungaji akakataa, kila mmoja kwa kitabu chake, na wote wawili kwa sauti moja. Ikabaki ndoa ya bomani, ambayo sheria mpya ilitaka itangazwe siku ishirini na moja. Ng'ombe wakapelekwa Kisondela. Lori lilikuwa limekwenda Mufindi Jumamosi ile na mtu mwingine, na nakala ya tangazo ikapelekwa kiwandani.

Kwa hiyo tangazo likakaa ubaoni na ukuta ukakaa uchi, siku zile zile. Amoni aliuegemeza magogo, akaujaza ufa kwa udongo na makapi. Saa nne madirisha yalifunguliwa, saa kumi yakafungwa. Watu walipita kuuona udongo wa Mzee Maulidi, na mzee aliwakalia barazani akiwatazama mmoja mmoja hadi wachoke. Ikupa alikuja kila alipopata nafasi, akaingia kwa nyuma. Mzee alijifunza kukohoa kila kona ili mkwe asishtukizwe, na akaipenda kazi hiyo kupita kiasi, hata akawa anakohoa siku ambazo Ikupa hakuja.

Asubuhi ya harusi Bushiri alifika kwenye dirisha la nyuma na kibati mkononi. Ikupa alisimama nje, katika gauni jeupe lililoshonwa na mzee kwa vipimo alivyoletewa kwenye karatasi, na chini ya gauni, zile buti mbili, safi.

"Sugua wewe," akasema Bushiri.

Akasugua. Majani yalivunjika kwa mlio mdogo, yakawa unga kwenye vidole vyake.

"Na lile jibu?" akauliza Bushiri. "Nilisikie kwa mdomo, mara moja tu."

"Ndiyo," akasema Ikupa. "Mjinga wewe. Ndiyo."

Bomani Ikupa aliingia na Bushiri na mashahidi. Mzee Maulidi hakuweza kukaa chumba kimoja na mkwe wake. Aliwekewa kiti barazani, uso ukutani, kanzu mpya, na mvua ilikuwa inamrushia matone mguuni. Balozi Fred, aliyekuja kwa ajili ya pilau, alimkuta hapo akasikitika kwa furaha.

"Mzee, harusi ya mwanao wa pekee, unakaa nje unaangalia ukuta? Mke wa mwanangu mimi hukaa nami meza moja. Kila asubuhi ananiamkia."

Mzee Maulidi hakugeuza kichwa.

"Anakuamkia tu?" akasema. "Pole sana, Fred."